VLAN Namba Moja kwa Wote

(Kumbukumbu za hotuba ya Mkurugenzi Anselme Kapya wa Ofisi ya Muda ya Hati na Mitandao, iliyotolewa Lubumbashi, katika kiwanja cha nyuma ya ofisi, mwezi wa kumi na moja mwaka 2015, miezi michache baada ya mkoa wa Katanga kugawanywa kuwa mikoa minne. Imeandikwa neno kwa neno na mimi, katibu Graciella, kwa sababu mkubwa ameagiza hata makofi yaandikwe.)

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye alikuwa aje mwenyewe lakini amezuiwa na majukumu mazito kiasi kwamba hata sisi hatukuambiwa ni yapi; waheshimiwa wakuu wa idara nne, nikianza na yeyote kati yenu, kwa kuwa ninyi nyote ni wa kwanza, na jambo hilo nitalirudia kwa mapana; waheshimiwa wajumbe wa tume ya maandalizi, wa tume ya ufuatiliaji, na wa tume inayoifuatilia tume ya ufuatiliaji; Baba Paroko, Shehe wetu, Mchungaji, na wachungaji wengine kumi na wanne ambao kila mmoja ameniomba atajwe kabla ya mwenzake; ndugu zetu wafanyabiashara wa Kivu, ambao malori yao yanatulisha wakati wengine wanatuhurumia; mabwana wa fanfare na matarumbeta yenu; mabibi na mabwana wote mlioniletea karatasi zenu kwa imani; itifaki ikiwa imezingatiwa, ikapumzishwa, na kuzingatiwa tena: nawasalimu kwa salamu ya kiteknolojia.

(Makofi. Mtu wa fanfare anapiga tarumbeta kabla ya wakati wake. Ananyamazishwa.)

Mabibi na mabwana, mnajua tuko katika nyakati gani. Mwezi wa saba tulilala tukiwa mkoa mmoja tukaamka tukiwa minne, bila mtu yeyote kuhama kitanda. Bei ya shaba imeanguka, migodi inafunga mageti, kule Kambove wachimbaji wa mkono wanauza mpaka viroba vya kubebea mawe, na katika maofisi yetu watu wanagawana meza, na meza zikiisha wanagawana miguu ya meza. Mimi ninayesimama mbele yenu nimefanya kazi miezi minne juu ya kiti cha miguu mitatu, kwa kuwa mguu wa nne umepelekwa mkoa mwingine kwa barua rasmi yenye muhuri, na barua hiyo niliisaini mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama. Katika mporomoko wa namna hiyo, mtu wa mawazo mafupi angeomba unga. Mimi niliomba VLAN.

(Makofi. Mtu anauliza VLAN inapikwa na nini. Anaambiwa anyamaze.)

VLAN ni nini? Ni swali zuri, na ninawashukuru kwa kuniuliza kwa ukimya wenu. Chukueni parsele moja, yaani kiwanja chenye nyumba na wapangaji wanne. Geti ni moja, bomba ni moja, choo ni kimoja. Mpangaji wa kwanza akikaanga samaki, wote wanne wanajua, na wa tatu anabisha hodi akiwa tayari na sahani. Sasa, swichi ya mtandao ni sanduku la chuma lenye matundu arobaini na manane, ambamo nyaya za kompyuta zote za ofisi zinachomekwa, na bila utaratibu kila kompyuta inasikia harufu ya samaki wa mwenzake. VLAN ni ukuta unaojengwa ndani ya sanduku hilo, bila tofali, bila saruji, bila fundi kukukimbia na mchanga wako, ili kila idara ikaange chake kwa faragha. Na upande wa pili wa waya kuna mashine moja kubwa, ndani yake wanaishi seva wanne wa kivirtuali, wasio na mwili, kila mmoja akiamini kwamba yuko peke yake duniani, kama wakuu wa idara zetu.

(Kicheko. Wakuu wa idara hawacheki. Mkubwa anafungua ukurasa wa tatu, anauinua mbele ya macho. Watu wa mstari wa kwanza wananyosha shingo.)

Naona mnavyonisikiliza kwa macho pia, na hiyo ni dalili ya umma uliokomaa. Kwa nini basi mradi huu? Kwa ajili yenu. Katika nyakati hizi za kugawanywa, kila siku anazuka mtu na karatasi ya jana akidai nyumba ya juzi, na ndiyo maana ofisi yangu, dans le cadre, yaani ndani ya mfumo, wa mkakati shirikishi wa usalama wa hati, iliwaomba wananchi walete karatasi za parsele zao, zile zenyewe, si nakala, ili zipigwe picha na kuhifadhiwa ndani ya seva, nyuma ya VLAN, mahali ambapo panya hafiki, moto haufiki, na shemeji hafiki. Mlizileta. Karatasi elfu moja mia tatu na sita. Sikumbuki ofisi nyingine iliyoaminiwa kiasi hicho kwa wiki mbili tu, Graciella andika hivyo.

(Nimeandika. Mama mmoja wa mstari wa pili anasimama. Ni Mama Mado wa Katuba, mjane wa marehemu Ngosa aliyekuwa mchimbaji wa zinki Kipushi. Anaeleza kwa upole kwamba shemeji yake Jeannot amepata karatasi nyingine ya parsele ileile, na kwamba Jumatatu asubuhi wote wawili wanaitwa mbele ya bourgmestre, yaani mkuu wa komini yao, na atakayekuja mikono mitupu ndiye atakayetoa vyombo vyake nje. Leo ni Ijumaa. Anaomba arudishiwe karatasi yake tu, hana haja ya soda ya sherehe. Mkubwa anampungia mkono akae.)

Mama, nakushukuru kwa mchango wako, umeingizwa katika kumbukumbu. Hati yako leo iko salama kuliko ilivyokuwa chini ya godoro lako, na utaratibu wa kuirejesha uko katika awamu ya tatu ya mchakato, ambayo itaanza mara tu awamu ya pili itakapojulikana imekwisha. Tuendelee.

Nije sasa kwenye kiini. Mtaalamu wetu, Bwana Kambale, mwenye duka la vifaa vya kompyuta pale mjini, mtu wa Kivu, mtu wa kazi, alikuja ofisini akachora kila kitu juu ya karatasi. Idara ya kwanza, VLAN 10. Ya pili, VLAN 20. Ya tatu, 30. Ya nne, 40. Akatuambia namba hizi ni alama tu, hazina mkubwa wala mdogo. Huyu ni mtaalamu wa nyaya, mabibi na mabwana, si mtaalamu wa binadamu. Mheshimiwa Adalbert, mkuu wa idara ya viwanja, ambaye ana miaka thelathini na mmoja ya utumishi na alivaa kravati shingoni kabla baadhi yetu hatujavaa viatu, alipoona amepewa 40 alisimama, akachukua kofia yake, akasema hakutumikia taifa maisha yake yote ili aje kuwa wa arobaini nyuma ya watu aliowafundisha kufungua droo. Mheshimiwa Josée, mkuu wa vizazi na ndoa, akasema kwamba mwanamke mwenye diploma mbili hakai kwenye 30 nyuma ya mwanaume mwenye diploma ya kuazima. Wa 20 akasema hakuna anayekumbuka wa pili. Na wa 10, ambaye alikuwa na haki zaidi ya kuridhika, akauliza kwa nini aanze na kumi wakati moja ipo.

(Minong'ono ya kukubali. Mheshimiwa Adalbert anainua kofia.)

Hapo nikaunda tume ya itifaki. Tume ilikaa wiki saba. Ilisikiliza mashahidi ishirini na wawili, ilijadili vyeo, umri, tarehe za barua za uteuzi, na nani alimpita nani kwenye mlango wakati wa maziko ya mkurugenzi aliyenitangulia. Siku ya arobaini na tisa, saa sita mchana, ikaja na suluhisho ambalo bado naona hakuna akili nyingine iliyowahi kulifikia: idara zote nne zitakuwa VLAN namba moja. Wote wa kwanza, hakuna wa mwisho. Triple ban, tafadhali!

(Triple ban, yale makofi ya mapigo matatu mara tatu, inapigwa. Fanfare inachelewa, inapiga ya nne peke yake.)

Bwana Kambale alipoletewa uamuzi aliomba maji ya kunywa. Kisha akasema, kwa heshima zote, kwamba swichi yoyote duniani ikitolewa tu kwenye katoni yake, matundu yote tayari yako VLAN namba moja, yaani wote wanasikia samaki wa wote, na kwamba matokeo hayohayo tungeyapata kwa kutofanya kitu chochote. Nilimjibu palepale. Nikamwambia: ndugu yangu, kutofanya kitu chochote kwa muda wa wiki saba, kwa tume, kwa procès-verbal, yaani kumbukumbu za vikao, ya kurasa mia moja na kumi, na kwa sahihi kumi na saba, huko si kutofanya kitu. Huo ni utawala.

(Makofi marefu kutoka viti vya mbele. Nyuma, mama mmoja anasema "tutaona".)

Takwimu hazidanganyi, kwa hiyo nitawapa takwimu. Swichi ya namna hiyo inaweza kubeba VLAN elfu nne na tisini na nne. Nchi nyingine, kwa tamaa, zinazitumia kumi, hamsini, mia. Sisi tulipanga moja, tumetekeleza moja, na kila idara imetekeleza hiyohiyo moja, ambayo inatupa utekelezaji wa asilimia mia nne, na ukiongeza asilimia kumi na mbili za morali, mia nne na kumi na mbili.

Nisisahau usalama. Kambale alinieleza kwamba kati ya swichi na ile mashine kubwa kuna waya mmoja mkuu, na kwamba humo ndani paketi za idara zote zinapita pamoja, kila moja imebandikwa alama usoni kuonyesha inatoka VLAN ipi. Nikamuuliza: nani anakagua hizo alama? Akasema mashine zenyewe. Mabibi na mabwana, tangu lini katika nchi hii barabara inajikagua yenyewe? Siku ileile niliagiza ijengwe barrière. Pale kwenye korido, mahali waya utakapopita, kuna mti, kamba, na maafisa wawili wenye daftari, wanalinda zamu kwa zamu. Tangu izinduliwe, hakuna paketi hata moja iliyopita bila karatasi. Ili niwe mkweli zaidi, hakuna paketi hata moja iliyopita, basi. Udhibiti ni asilimia mia.

(Mmoja wa maafisa wa barrière anapiga saluti. Mkubwa yuko ukurasa wa saba. Mzee Hassani, fundi cherehani wa mstari wa kwanza, anavaa miwani, anaivua, anaifuta, anaivaa tena. Anamnong'oneza jirani yake. Jirani naye ananyosha shingo.)

Tulieni, tulieni, mazuri bado. Wengine wamesema mitaani kwamba mradi wetu umeathiriwa na kugawanywa kwa mkoa. Ni kweli, na uliathiriwa kwa heshima. Mwezi wa tisa walifika wajumbe kutoka mikoa dada mitatu, na pick-up, na barua, wakisema swichi ilikuwa mali ya mkoa wa zamani, kwa hiyo matundu arobaini na manane gawanya kwa nne ni kumi na mawili kumi na mawili, nao wamekuja kuchukua yao. Kambale alikuwepo kwa bahati mbaya. Akasema VLAN ndiyo hasa inayogawanya sanduku bila kulikata. Alikuwa na hoja. Lakini wale walikuwa na pick-up, na pick-up haijatoka mbali namna ile ili irudi tupu. Tukamwita Nasoro, fundi wa kuchomelea kutoka komini ya Kenya hapahapa mjini, familia yake ni ya Maniema na mkono wake hautetemeki, akaja na meule yake ya kukatia chuma, akakata mara mbili, msalaba, cheche zikaruka mpaka dirishani, na kila mkoa ukapata robo yake, ukasaini, ukaondoka kwa amani. Nchi ngapi zimegawana kwa amani hivyo? Na katika robo nne zile, sisi Haut-Katanga tulipata yenye waya wa umeme. Hiyo si bahati. Ni dira.

(Kitambaa chekundu cha mahameli kinafunuliwa. Juu ya meza kuna robo ya sanduku jeusi yenye waya. Makofi. Mwakilishi wa mwakilishi anapiga nayo picha.)

Na yote hayo, mabibi na mabwana, tumeyafanya kwa kubana matumizi kwa kiwango cha kishujaa. Tangu mwezi wa saba ofisi yangu haijanunua hata rame moja, hata pakiti moja ya karatasi. Hata moja! Hotuba hii mnayoisikia ina kurasa ishirini na tatu, na haijaligharimu taifa ukurasa mmoja. Hii ndiyo siasa ya karatasi sifuri, ambayo wakubwa wengine wanaihubiri nasi tunaiishi.

Na mbele? Mbele napaona wazi. Mwakani kila soko litakuwa na VLAN yake, namba moja, ili muuza nyanya asisikilizwe na muuza samaki. Kipushi, mpakani, wafanyabiashara wanaovuka kwenda Zambia watavushwa na VLAN. Kambove tutachimba VLAN. Na kufikia mwaka 2020 kila mtoto atakayezaliwa katika mkoa huu atapokea, pamoja na chanjo, na kwa sindano ileile ikibidi, VLAN yake namba...

(Jenereta inazimika. Kipaza sauti kinakufa. Mkubwa hakati tamaa: anausogeza ukurasa wa kumi na moja juu, kuelekea jua, asome vizuri zaidi. Kwa nyuma ya karatasi, sisi tuliokaa mbele tunaona muhuri wa zambarau, mistari ya kalamu ya zamani, na kwenye kona doa la mafuta ya mawese linalopitisha mwanga. Mama Mado anasimama. Safari hii haombi ruhusa. Anapita kati ya wakuu wa idara mpaka mbele ya meza.

"Baba Directeur," anamwambia, "geuza ile karatasi.")

Mama, hotuba haigeuzwi.

("Geuza. Minaona ile mafuta kwa kona. Ngosa njo aliwekaka sahani ya mboga ya sombe pale, siku tulipataka ile karatasi. Nilimugombezaka. Tulicheka. Geuza, baba."

Mkubwa anageuza. Mimi niko karibu, nimesoma: parsele, komini ya Katuba, jina Ngosa, tarehe ya zamani. Mama Mado anaichukua mkononi mwa mkubwa polepole, kama mtu anayechukua mtoto aliyelala.)

Mama, nirudishie. Huo ni ukurasa wa kumi na moja. Bila huo wa kumi na moja, kwa mujibu wa mpangilio, siwezi kufika wa kumi na mbili.

(Wa kumi na mbili tayari uko kwa Mzee Hassani, ambaye amepanda jukwaani na miwani yake. Alikuwa ameiona yake tangu ukurasa wa saba, ilikuwa imechungulia chini ya nyingine, akadhani ni macho yake yamezeeka. Wa kumi na tatu umechukuliwa na mtu wa fanfare. Kumi na nne mpaka ishirini na mbili zinaitwa kwa majina kama shuleni, na kila jina lina mwenye kuitika. Ukurasa wa mwisho, wenye shukrani na kaulimbiu, unakwenda na bibi mmoja wa mstari wa sita ambaye hajui kusoma lakini anaujua muhuri wake. Mkubwa amebaki na mikono mitupu. Anatazama meza, anatazama mbingu, ananitazama mimi. Mimi natazama kalamu.)

Bon.

(Anavua koti.)

Bamama na batata. Sasa hotuba hakuna tena. Minasema na kinywa yangu.

Swichi haikukuwako hata siku moja. Hatukuinunuaka. Ile robo munapigia makofi, ni décodeur ya televisheni ya bibi yangu. Mpaka leo anauliza iko wapi, miye nasema iko kwa fundi. Bale bajumbe balikuya na pick-up, basema batoe sehemu yabo. Nikisema hakuna, basema nimekula. Njo nikatwaa décodeur, Nasoro akakata, bote bakafurahi, bakaenda.

Seva hakuna. Mashine kubwa hakuna. Kambale alichora tu, kwa karatasi moja, na ile karatasi njo tuligombania wiki saba. Namba ya kitu yenye haiko.

(Mheshimiwa Adalbert amevaa kofia yake. Mheshimiwa Josée anamuuliza kwa sauti ya chini: "Kumbe tuligombana juu ya picha?")

Barrière iko. Barrière tu njo ya kweli.

Makaratasi yenu iko mu katoni, chini ya meza yangu. Hakuna yenye ilipotea, minaapa kwa mama yangu. Lakini kutoka mwezi ya saba hatuletewe karatasi, hatuletewe kintu, na kazi ya ofisi ni kuandika. Unakaa siku muzima na kalamu, na nyuma ya karatasi ya bantu iko nyeupe. Njo tukaandika. Procès-verbal zote, tuliandika kule. Nilisikia haya kusema mbele yenu ofisi iko tupu. Mulikuya na imani, munapanga mustari, munaniita Excellence. Hakuna mutu aliniitaka vile zamani. Nikasema ngoja, labda itakuya. Haikukuya.

(Mtu wa nyuma anasema apigwe. Wengine wanamwambia ngoja kwanza. Mama Mado bado yuko mbele ya meza, ameishika karatasi yake kwa mikono miwili.

"Baba," anasema, "miye hapana hitaji VLAN, na hapana hitaji kukugombeza, nitakugombeza kiisha Jumatatu. Bourgmestre atageuza hii karatasi. Ataona maneno yako nyuma, VLAN, VLAN, sindano ya batoto. Jeannot atasema imeharibika, haiko ya kweli. Toa kalamu. Andika hapa chini: maneno ya upande huu haiko ya kweli. Jina yako. Na stempu."

Mkubwa anamtazama. Anasema jambo kuhusu utaratibu, lakini halimalizi. Muhuri uko mfukoni mwake, hutembea nao siku zote, hata kanisani. Anaketi kwenye kile kiti cha miguu mitatu, na Mama Mado anakishikilia kwa goti ili kisianguke. Anaandika. Nanukuu: "Maneno ya upande huu wa karatasi hayana ukweli wowote. Upande wa pili ni wa kweli. A. Kapya, Mkurugenzi." Anagonga. Mama Mado anasoma taratibu, neno kwa neno, anapuliza wino ukauke, anaikunja karatasi mara nne na kuiweka kifuani. Mheshimiwa Adalbert anauliza kama sahihi yake haikupaswa kutangulia.

Kisha Mzee Hassani anaweka yake mezani. Kisha mtu wa fanfare. Katoni zinaletwa kutoka chini ya meza ya ofisini na wale maafisa wawili wa barrière, ambao leo wamepata cha kupitisha. Foleni imejipanga yenyewe, bila tume, wazee mbele. Ambazo hazikuandikwa nyuma zinarudi kama zilivyokuja. Zilizoandikwa zinasimama mezani, na mkubwa anaandika sentensi yake ileile, anagonga, anaandika, anagonga. Kurasa mia moja na kumi za vita vya namba zimerudi kwa wenyewe, kila moja ikiwa na uthibitisho kwamba ni uongo. Tangu mwezi wa saba, hii ndiyo mara ya kwanza watu wanatoka katika ofisi hii wakiwa na kitu walichokijia.

Anapogonga, mkubwa hajaacha kuhutubia. Nadhani hawezi kuacha.)

Asante Mama Hamisa, haya, geuza tuone. Asante. Asante Nasoro kwa meule, bibi yangu akijua wewe njo ulikata, usiseme ulitumwa. Asante Kambale, ulichora muzuri, ingelikuwa ile kintu ilinunuliwa ingelikuwa muzuri kabisa. Asante bale bakuu ba idara bane, bote ba kwanza. Asante kwa VLAN yetu, yenye haikusumbua mutu, haikukula umeme, na haikukuwako. Asante Mama Mado, Jumatatu ukishinda, tuma mutu aniambie. Minaomba kweli. Tuma mutu.

VLAN moja!

(Foleni inasogea.)

VLAN moja!

(Mtu wa fanfare, karatasi yake ikiwa salama ndani ya kofia, anapiga tarumbeta. Safari hii hanyamazishwi.

Mimi, katibu Graciella, nilitaka kuandika pia jinsi mwakilishi wa mwakilishi alivyoondoka na ile robo ya décodeur chini ya koti. Lakini kumbukumbu hizi nami nimeziandika mahali tulipozoea kuandika. Nyuma ya karatasi hii kuna parsele ya Mama Najma wa Kipushi, naye amesimama mbele yangu tangu makofi ya mwisho, ananingoja bila kunigombeza. Naishia hapa, ili nayo ikagongwe.)